Haraka ya Woga na Sauti Tulivu ya Moyo

Ziwa Kisale, ambalo Kinkondja imejengwa kando yake, halina njia moja. Mto Lualaba huingia ndani yake na kutoka tena, na katikati mafunjo huota yakashikamana hata kuwa visiwa vinavyoelea, ambavyo upepo huvisukuma huku na huku. Njia ya maji iliyokuwa wazi jana yaweza kuzibwa leo. Kwa hiyo mvuvi wa pale hulazimika kuamua mara nyingi kwa siku moja: apite huku au kule, aendelee au arudi, atege nyavu hapa au angoje. Na mara nyingi huamua bila kuweza kueleza sababu. Husema tu, "Moyo wangu wakataa njia hii." Wenzake humsikiliza, kwa maana moyo wa mtu aliyekaa juu ya maji miaka thelathini wajua mengi ambayo kinywa chake hakijajifunza kuyasema: rangi ya maji, harufu ya upepo, ukimya wa ndege.

Lakini mvuvi yuleyule, jioni akiona wingu jeusi, aweza kusikia neno jingine ndani yake: "Upesi! Kata nyavu! Kimbia!" Mara nyingine neno hilo ni la kweli. Mara nyingine humfanya mtu akate nyavu zake mwenyewe kwa ajili ya wingu lililopita kando bila kudondosha hata tone. Maneno yote mawili yatoka moyoni, na hakuna hata moja lililopangwa kama hesabu. Basi mkatekumeni, ambaye amefundishwa kwamba Mungu husema na mtu katika dhamiri yake, ana haki ya kuuliza: Atajuaje ni neno lipi la kufuatwa? Maana si kila kinachosema moyoni ni Mungu, wala si kila kinachosema moyoni ni shetani. Mengi ni mtu mwenyewe, na tumbo lake, na usingizi alioukosa.

Kwanza woga usitukanwe. Mwenyezi Mungu alimwumba mtu pamoja na woga, kama alivyomwumba pamoja na macho. Mwanamke atekaye maji ziwani, akiona mamba ainua kichwa, hana haja ya kufikiri. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga ndani ya damu kitu chenye nguvu. Moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, nguvu huenda miguuni, na macho hayaoni kitu kingine ila mamba. Naye amefika juu ya ukingo kabla hajajua kwamba ameruka. Huo ni msaada mkubwa, na aliyeupata amshukuru Mungu. Lakini na itazamwe vizuri woga huo ulifanya nini. Uliyafunga macho yasione kingine. Mtungi umevunjika, nguo imechukuliwa na maji, jirani aliyekuwa karibu amesahauliwa. Mbele ya mamba hasara hiyo ni ndogo. Mbele ya mambo mengine ya maisha, kuona kitu kimoja tu ni upofu. Woga ni mshauri wa miguu, na taabu huanza pale unapoketishwa barazani kuamua kesi.

Na itwaliwe habari ambayo watu wa maziwa ya Upemba waijua kuliko wapendavyo. Kipindupindu kimekaa katika sehemu za mashariki ya Kongo tangu miaka ya 1970, na Kinkondja ni mahali pamoja ambapo hurudi mara kwa mara. Ugonjwa huo hutoka katika maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Mgonjwa huharisha maji meupe kama maji yaliyooshewa mchele, hutapika, macho yake hudidimia, na asipopata msaada aweza kufa kwa muda wa saa chache. Mtoto aliyecheza mchana aweza kuwa maiti kabla ya jogoo kuwika.

Katika nyumba ambamo mtoto amelala hivyo, haraka mbili huingia kwa mlango mmoja. Ya kwanza yasema: Chukueni maji safi, lita moja, mtie vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, mnywesheni kidogo kidogo, hata akitapika mpeni tena, na mtumbwi uondoke sasa hivi kwenda kwa wauguzi. Ya pili yasema: Ni nani aliyefanya hivi? Juzi yule mjane alipita hapa, akamtazama mtoto, akasema amenenepa. Na aitwe mpiga ramli. Zamani waganga wa Waluba walitikisa kibuyu kiitwacho mboko, ambacho ndani yake mlikuwa na sanamu ndogo na makucha na mbegu, wakasoma jinsi vitu vile vilivyolala. Siku hizi huenda ni mtu mwingine, mwenye maneno mengine na bei nyingine. Na aulizwe usiku huuhuu, kwa maana kesho itakuwa bure!

Zote mbili ni haraka, na zote mbili hutetemesha mikono. Mama mwenye uchungu hawezi kuzitenga kwa nguvu zake, kwa sababu ile ya pili mara nyingi ndiyo yenye kelele zaidi. Zatengwaje, basi? Haraka ya kwanza yamtazama mtoto. Kila inachosema chamhusu yeye: kinywa chake, maji yake, safari yake. Haraka ya pili imekwisha kumwacha mtoto kitandani ikatoka nje kutafuta mtu wa kumchukia. Na ikimpata, yaleta nafuu, nalo ndilo jambo la kutisha kuliko yote katika habari hii. Mjane akiisha kutajwa, watu waliomo nyumbani huona wamepumua kidogo, kana kwamba kazi imefanyika; kumbe mtoto bado aharisha, na maji ya chumvi bado hayajachanganywa.

Katekista mwenye busara akiitwa katika nyumba kama hiyo haanzi kwa kuhubiri juu ya ushirikina. Baba wa mtoto amwuliza, "Baba katekista, ni nani amemroga mwanangu?" Naye ajibu, "Mwanangu, amekunywa mara ngapi tangu jioni? Sukari iko wapi? Nani ana mtumbwi?" Maneno ya imani yatakuja baadaye, wakati wake. Usiku ule imani yote imo ndani ya kikombe. Na jambo lenyewe si dogo, maana katika nchi nyingi za Afrika wajane na wazee, na katika miji ya Kongo kama Kinshasa na Mbuji-Mayi hata watoto wadogo, wamefukuzwa nyumbani mwao kwa neno lililotamkwa katika usiku mmoja wa hofu.

Maandiko Matakatifu yana habari ya mfalme aliyeangushwa na haraka ya namna hii. Kitabu cha kwanza cha Samweli chasimulia kwamba Wafilisti walikusanyika Mikmashi pamoja na magari ya vita na askari wasiohesabika. Waisraeli wakaogopa sana, wakajificha mapangoni na vichakani na ndani ya mashimo. Mfalme Sauli alikuwa Gilgali. Samweli nabii alikuwa amemwagiza amngoje siku saba, naye angekuja kutoa sadaka na kumweleza la kufanya. Sauli akangoja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila asubuhi alipohesabu watu wake aliona wamepungua. Siku ya saba ikafika, Samweli hakuonekana, na jeshi likazidi kutawanyika. Ndipo Sauli akasema aletewe mnyama wa sadaka, akaitoa kwa mikono yake mwenyewe. Na alipokuwa anamaliza tu, tazama, Samweli akaja.

Mkatekumeni asiipite habari hii upesi. Tendo lenyewe lilikuwa sadaka. Sauli hakuiba, hakuua, hakuabudu sanamu. Woga haukumshawishi kwa jambo baya. Ulimpa jambo takatifu lililo mikononi pasipo mwenyewe, kwa saa isiyo yake. Tena alipoulizwa na nabii alitoa sababu tatu: watu walikuwa wakimwacha, nabii alikuwa hajafika, adui alikuwa amekusanyika. Zote tatu zilikuwa kweli! Wengi hudhani kwamba woga husema uongo, ili wapate kuutambua kwa uongo wake. Si hivyo daima. Woga hukusanya kweli za upande mmoja tu, ukazipanga vizuri kama shahidi aliyefundishwa. Ile kweli ya nne, kwamba Mungu alikuwa amesema "ngoja", haikuwamo katika hesabu ya Sauli.

Lakini ndani ya maneno yake mwenyewe liko jambo moja lililomponyoka. Alisema kwamba alijilazimisha. Mtu hajilazimishi kupita mahali pasipo na kizuizi. Kulikuwa na kitu ndani yake kilichokataa, kitu kisicho na kelele, naye akakiruka kama mtu arukavyo kizingiti gizani. Sauti tulivu ilikuwapo basi, hata katika siku ile mbaya. Haikuwa imenyamazishwa na Mungu. Na kama mtu akisema kwamba Samweli naye alikawia, asikemewe. Ndivyo ilivyo katika maisha. Woga hukua kwa sababu mtu fulani amechelewa, au barua haijafika, au mvua haijanyesha. Yule anayengoja wenzake wasichelewe ndipo apate utulivu, hatautulia moyo wake mpaka afe.

Katika historia ya Kanisa, aliyechunguza mambo haya kwa subira kuliko wengi ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Alikuwa askari Mhispania, mpenda sifa. Mwaka 1521 huko Pamplona mzinga ulimvunja mguu, naye akalazwa nyumbani kwao miezi mingi. Akaomba vitabu vya masimulizi ya mashujaa, ambavyo havikuwamo nyumbani. Akaletewa maisha ya Bwana wetu na ya watakatifu. Basi siku nyingine aliwaza saa nyingi juu ya vita na sifa na bibi mmoja mkubwa aliyetamani kumtumikia. Siku nyingine aliwaza jinsi atakavyowafuata watakatifu. Alipokuwa anawaza, yote mawili yalimpendeza. Tofauti ilionekana baadaye. Mawazo ya kwanza yakiisha yalimwacha mkavu na mwenye uchungu; ya pili yakiisha yalimwacha na furaha iliyobaki. Siku moja macho yake yakafunguka akaiona tofauti hiyo. Yaani hakupima neno kwa utamu wake lilipoingia, wala kwa nguvu zake. Alipima kilichobaki moyoni lilipokwisha kutoka.

Baadaye, kuanzia Manresa mwaka 1522, aliandika yale yaliyokuja kuitwa Mazoezi ya Kiroho, ambayo Papa Paulo III aliyathibitisha mwaka 1548. Humo afundisha kwamba mtu aliye katika giza la moyo, katika huzuni na fadhaa, asibadili shauri alilolikata alipokuwa katika mwanga. Akae palepale alipokuwa. Hakusema kwamba shauri la zamani haliwezi kukosea. Alisema kwamba saa ya giza si saa ya kulisahihisha. Afundisha pia kwamba adui wa roho hufanana na mwanamume mlaghai anayemshawishi binti wa watu: neno lake la kwanza ni kwamba baba asiambiwe. Wazazi wa Kinkondja hawahitaji kufafanuliwa mfano huo. Wazo lisemalo, "Fanya sasa, wala usimwambie katekista, usimwambie mkeo, usimwambie mzee," limekwisha kujitaja jina.

Tena asema kwamba katika roho inayokwenda vizuri, neno jema huingia kama tone la maji liingiavyo katika sifongo, kimya na taratibu. Na neno baya hupiga kama tone juu ya jiwe, kwa kelele na kurukaruka. Lakini huongeza jambo ambalo wengi hulisahau: katika roho inayokwenda vibaya, mambo hugeuka. Hapo adui ndiye aingiaye kimya kama mtu arudiye nyumbani kwake, na Mungu ndiye abishaye hodi kwa nguvu.

Ndiyo sababu utulivu peke yake hautoshi kuwa alama. Nabii Yona alitumwa Ninawi, akapanda meli iendayo upande mwingine. Tufani ikaja, mabaharia wakalia kila mtu kwa mungu wake, wakatupa mizigo baharini. Na Yona alikuwa chini ndani ya meli, amelala usingizi mzito. Mtu pekee aliyetulia katika chombo kile ndiye aliyekuwa anamkimbia Mungu. Wako watu walalao hivyo hata leo. Amemdhulumu nduguye shamba, naye hana ndoto mbaya hata moja, husema moyo wake una amani. Ana amani ya Yona.

Na kuona woga, kwa upande mwingine, si alama kwamba uamuzi ni mbaya. Katika bustani ya Gethsemane walikuwapo wawili wa kutazamwa. Petro alilala. Alipoamshwa na kelele za watu wenye mienge, akachomoa upanga akampiga mtumishi wa Kuhani Mkuu, akamkata sikio; na kabla usiku haujakwisha alikuwa amekimbia, na kurudi, na kukana mara tatu mbele ya moto wa watu wengine. Utulivu, ukali, mbio, uongo: yote katika usiku mmoja, na kila moja lilionekana kwake kuwa lazima ya saa ile. Bwana wetu ndiye aliyeogopa. Jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Lakini hakuficha; aliwaambia wenzake watatu kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa. Wala hakukata shauri jipya. Alirudia sala ileile mara ya pili na ya tatu. Kisha akasimama, akawaendea wale waliokuja kumkamata. Woga ulikuwamo ndani yake kama mgeni aliyeketi nyumbani, akasikilizwa maneno yake yote, lakini si yeye aliyeshika funguo.

Vivyo hivyo mwendo wa upesi si alama ya kutosha. Yosefu mtakatifu alipotaka kumwacha Maria hakufanya haraka; alilifikiri jambo lile kwa kimya, akitafuta njia isiyomwaibisha mtu. Lakini alipoambiwa kwamba Herode anamtafuta Mtoto, aliondoka usiku uleule. Kukimbia kwaweza kuwa ndiyo hekima yenyewe. Mwaka 2005 na 2006, jeshi lilipopigana na Mai-Mai katika Katanga, maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao, na wengine wakakaa juu ya visiwa vya mafunjo katika Ziwa Upemba. Asiyewahi kusikia bunduki usiku asiwahukumu. Ila hata katika mbio wako waliowabeba wazee wao, na hao miguu yao ilikwenda upesi sawa na ya wengine.

Mfano ulio karibu zaidi na wakatekumeni ni wa Uganda. Mwezi wa Mei mwaka 1886, huko Munyonyo kando ya Ziwa Viktoria, Kabaka Mwanga aliwaghadhibikia vijana wa jumba lake waliokuwa wakisali. Jioni ya tarehe 25 wote walifahamu kwamba kesho yake itakuwa siku ya hukumu. Mkubwa wao alikuwa Karoli Lwanga, kijana bado. Kati ya waliokuwa chini yake walikuwamo wakatekumeni, na mdogo wao, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama kumi na minne. Sheria ya Kardinali Lavigerie kwa misioni zake ilidai ukatekumeni wa miaka minne, wala mapadre hawakuilegeza ovyo. Usiku ule Karoli Lwanga akawabatiza wanne: Kizito, Mbaga, Gyavira na Mugagga.

Je, Lwanga hakufanya kama Sauli? Hakumngoja padre, kama vile Sauli hakumngoja nabii. Mambo mawili yawatenga. La kwanza, Sauli alishika kazi ambayo hakupewa. Lwanga alifanya tendo ambalo Kanisa lamruhusu kila mtu alifanye katika hatari ya kufa, na kila mkatekumeni amejifunza hivyo. La pili lapita la kwanza. Sauli alitoa sadaka ili jeshi lisimtoroke, yaani ili aponyoke. Ubatizo wa usiku ule haukumponya mtu yeyote. Uliwaweka wale vijana upande wa wale watakaouawa, na walijua hivyo walipouomba. Woga hauwezi kutoa shauri la namna hiyo. Haumo katika maneno unayoyajua. Kesho yake Kabaka alipoamuru wanaosali wajitenge upande mmoja, Lwanga akamshika Kizito mkono wakaenda pamoja. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwaandika katika hesabu ya watakatifu mwaka 1964. Usiku wa Munyonyo ulikuwa na haraka kuliko usiku wowote, na hakuna kitu kilichofanywa ndani yake ambacho asubuhi kingeonewa haya.

Hapo ndipo pa kutazama, kwa mtu wa kawaida asiye na Kabaka mlangoni. Shauri la woga huchukia asubuhi. Lina saa yake, na saa hiyo daima ni sasa. Mnunuzi wa samaki wakavu afika kwa mashua akasema bei hii ni ya leo tu. Mvuvi auza mzigo wote kabla ya kumwuliza mwenziwe bei ya Bukama. Kijana asikia kwamba rafiki zake wote wamekwenda Kolwezi kwenye machimbo, naye auza nyavu za marehemu baba yake apate nauli. Ukimwuliza asema ni tamaa ya kazi. Lakini kama ni kazi anayoipenda, mbona kila neno lake ni juu ya wale waliomtangulia? Aogopa kubaki peke yake ufukoni, na woga huo umevaa nguo za bidii. Huenda safari yenyewe ni njema! Na alale siku tatu, amwambie mama yake, ahesabu nauli na chakula cha mwezi. Kama wazo ni la mwanga, siku ya nne litakuwapo bado, limetulia kama lilivyokuja, labda na sababu zaidi. La woga litakuwa ama limekwisha kufifia, ama limekasirika kwa kucheleweshwa, na hasira hiyo ni ushahidi.

Ndoto pia zaingia hapa. Mkatekumeni aota babu yake amesimama mlangoni bila kusema neno, akaamka akitetemeka, akaenda kwa katekista kabla ya mapambazuko, ataka abatizwe Jumapili ile. "Baba, nibatizwe upesi, la sivyo nitakufa." Katekista amwuliza, "Mwanangu, wamwendea nani?" Naye anyamaza kidogo, akasema, "Namkimbia babu." Hilo ni jibu la kweli, na mwenye kulitoa si mjinga. Asifukuzwe, wala asicheshwe mbele ya wenzake. Lakini maji ya ubatizo si dawa ya ndoto, na yeye aliyepokea sakramenti kama hirizi ataitupa kama hirizi siku atakapoota tena. Na aendelee na mafundisho. Huenda mwezi ukipita atakuja tena na neno lilelile, bila kutetemeka.

Mwisho yako mambo ambayo hata baada ya sala na shauri la wakubwa mtu bado hajui ni sauti ipi isemayo, na saa haimruhusu kungoja. Mtoto amelala palepale, macho yamedidimia, ni usiku wa manane. Hapo na atenge yale yanayoweza kurudishwa na yale yasiyoweza. Maji ya sukari na chumvi yakinyweshwa bure hayamdhuru mtu. Mtumbwi uliopelekwa kwa wauguzi bila lazima hurudi kesho, na wapiga kasia huchoka tu. Nyavu zilizokatwa hufumwa upya kwa siku kadhaa. Lakini jina la mchawi likiisha kutamkwa mbele ya majirani halina njia ya kurudia kinywani. Siku ya tatu mtoto aketi mkekani akiomba uji, na mjane yuko njiani kuelekea Bukama, mtungi wake kichwani, nyuma yake paa lililochomwa.